Kiguu-na-Njia Ajenga Bila Nywila

Mtunza kompyuta wa idara ya eksirei aliitwa Kiguu-na-Njia, na jina lilimkaa. Kiti chake hakikuchakaa kwa kuwa hakukikalia. Asubuhi hiyo alikwenda dirishani, mlangoni, akarudi dirishani.

Mashine mpya ya picha ilikuwa imewekwa juma hilo. Ilipiga picha safi, ila ilizihifadhi kwa namna ambayo kompyuta ya idara haikuijua. Fundi wa mapaa alikuwa ameanguka na kuumia uti wa mgongo. Picha zake zilikuwepo, hazifunguki. Daktari wa upasuaji aliacha neno: akitoka kwa mgonjwa aliye mezani azikute wazi, la sivyo fundi apakiwe garini apelekwe hospitali nyingine. Barabara yenyewe ni mashimo matupu. Mke wa fundi alikuwa kwenye benchi koridoni, kiatu kimoja cha mumewe mapajani.

Dawa ilijulikana: kuongeza maktaba, yaani fungu la msimbo ambalo programu ya picha hulitumia kusoma aina hiyo ya faili. Lakini kuiweka mahali pa kawaida kulihitaji nywila ya msimamizi wa mfumo, naye alikuwa likizo, simu imezimwa. Kiguu-na-Njia akaamua kuijenga mwenyewe. Kwenye usanidi, yaani maelekezo ya ujenzi, akataja folda nyingine, isiyohitaji ruhusa ya mtu.

Alichagua folda ya muda. Idara nzima ilifanya hivyo: folda binafsi zilikuwa finyu, ile ilikuwa pana, na kila mtu alitupia vyake humo akisahau kwamba kompyuta ikizimika, folda hiyo hufagiliwa.

Maktaba ilikuwa ndiyo kwanza imekamilika mfagizi alipoingia akivuta mashine ya kung'arishia sakafu. Akainamia soketi.

"Shangazi, usichomoe!"

"Nimeshachomoa, mwanangu. Kwani waya huu ulikuwa wa nini?"

Kompyuta ilipowaka tena, folda ilikuwa nyeupe pee.

"Weka kwenye folda yako," alisema mpiga picha wa idara, rafiki yake wa siku nyingi.

"Imejaa."

"Imejaa nini?"

Kiguu-na-Njia akatazama dari. "Video ya harusi."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mpiga picha akashusha miwani. "Mwenzangu! Mlishaachana, bwana yule ameshaoa mwingine, ameshazaa, na wewe bado umempangisha bure kwenye kompyuta ya hospitali?"

"Sina nakala nyingine." Na milango ya flashi ilikuwa imefungwa zamani, kulinda taarifa za wagonjwa.

Akaenda mlangoni. Mke wa fundi alikuwa akikigeuza kile kiatu, akikung'uta vumbi la saruji kwenye soli. Kiguu-na-Njia akarudi, akaifuta video bila kuifungua, akaanza usanidi upya, safari hii akitaja folda yake mwenyewe.

Ujenzi ukaisha. Picha zikakataa.

"Sasa nini tena?" aliuliza mpiga picha.

"Programu inaitafuta kule kwa msimamizi. Haijui kama tumehama."

Akaandika njia ya kufikia folda yake kwenye faili ambalo kompyuta hulisoma kila inapowaka, kisha akaizima na kuiwasha upya. Daktari akaingia, barakoa ikining'inia shingoni.

"Vipi, niite gari?"

"Subiri, daktari."

Picha ikafunguka, pingili moja baada ya nyingine. Daktari aliinama, akaikuza, akaipitia polepole hata Kiguu-na-Njia akazunguka meza nzima.

"Huyu gari halimfai," akasema hatimaye. "Mwambieni mkewe tunamfanyia upasuaji hapahapa." Akatoka.

"Keti basi," alisema mpiga picha.

Kiguu-na-Njia aliketi. Goti likaanza kucheza chini ya meza. Mfagizi akachungulia, waya mkononi.

"Mwanangu, nichomeke wapi?"

"Koridoni, shangazi. Twende nikuonyeshe," akasema, na tayari alikuwa amesimama, akielekea kwenye benchi na ile habari.