Mtafiti wa Idsowe

Nyumbani, kijijini Idsowe, walimwita Mtafiti. Hata likizoni alifuta vidole kimoja kimoja kabla ya kushika kitu, maana katika maabara ya chuo chembe moja ya vumbi ingeharibu kazi yake. Alitafuta madini ambayo mzunguko wa elektroni zake ungetunza kumbukumbu za kompyuta hata umeme ukikatika. Alisema chini chini, hata mdogo wake Everline ilimbidi amsogelee ndipo amsikie.

Kwenye harambee ya kanisa, mgeni wa heshima alipotajiwa utafiti wake alimkejeli: “Binti, hayo waachie Wazungu. Hapa tunataka mpunga.” Watu wakacheka. Mtafiti akasimama, sauti yake ikafika hadi nje.

“Mheshimiwa, umeme unakatika kwetu, si kwao. Kwa nini niwaachie?”

Mama yao, mkulima wa huo mpunga, akaanza kupiga makofi peke yake.