Kibodi ya Binti Yangu Imegeuka Posa

Admin, jina langu lifunike. Nina miaka hamsini na moja, nakaa Izia, nalima ulezi na mahindi. Darasa la saba langu hilihili limenizalia binti ambaye Sumbawanga hii mumtafute mwingine: yuko chumbani, anawachapia kazi watu wa Dar, na wanamlipa. Jumuiyani nimelisema hadi wamechoka. Wachoke tu.

Sasa kibodi yake ikaanza kuruka herufi, vumbi la ulezi limeingia. Akaniambia yuko kwenye majaribio ya kazi mpya hadi Jumatatu, akichelewesha wanachukua mwingine. Nikajifunga kitenge changu kizuri, nikaenda mjini kwenye duka la familia moja ya Kiislamu tunayofahamiana. Kijana wao akaniwekea seti mbili za kibodi na mausi, zote hazina waya. Nikashika inayowaka taa.

"Hiyo ya disko, mama," akacheka. "Chukua hii."

Akanionyesha herufi zilizochongwa, hazifutiki, na vitufe vilivyobana, vumbi halipiti. Nikatoa hela, akakataa, akasema mpelekee tu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo. Njia nzima nikajisifu ninavyojua kuchagua.

Wifi yangu aliposikia akashika kichwa. Kwenye ukoo wetu, kijana akitoa jembe jipya na mama mtu akalipokea kwa mikono miwili, binti ameshaombwa na mama amekubali. Nikabisha kwamba hili si jembe. Akaniuliza, kwani mwanao analimia nini?

Nikarudi dukani mbio na hela yangu. Mama wa kijana, Mfipa mwenzangu aliyeolewa huko, akausukuma mkono wangu taratibu.

"Mama, sisi hatumuuzii mkwe."

Jumapili wanakuja nyumbani. Mume wangu, mzee wa kanisa, kasema seti irudi kabla hawajafika, binti yake haolewi nje ya dini. Nimezunguka maduka mengine nimtafutie binti nyingine, nakuta za disko tu.

Jana nikaingia chumbani nikamuuliza binti kama huyo kijana anamjua. Vidole vikasimama.

"Mama," akasema bila kugeuka, "mimi ndiye niliyemwambia akuchagulie hiyo."

Akaendelea kuchapa. Baba yake alikuwa sebuleni, anaisikia ile milio, hajui kwamba hao wawili wanajuana.

Jamani wazazi wenzangu, Jumapili ni keshokutwa. Hii seti niirudishe au niiache? Na mume wangu naanzia wapi kumwambia?