Shemeji ametambua kiwanja ya ndege

Leo shemeji yangu amejibomolea nyumba na kidole yake mwenyewe. 😂

Mu grupe yetu ya simu, ya bantu ba muji wa Baraka, tunatumaka picha za viwanja ya ndege ya zamani, bantu banabahatisha ni wapi. Yeye lazima ashinde, halafu anatuita bajinga.

Basi nikaweka moja. Mi nilikuwa naijua vizuri.

Shemeji akajibu wa kwanza: "Ni ya hapa kwetu! Angalieni milima ya Ubwari kule nyuma."

Nikamuuliza na heshima yote: "Shemeji, leo ile kiwanja iko wapi?"

"Inaanzia ku kanisa, inaishia pale nilijenga."

Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, naye iko mu grupe. Akaandika: "Aksanti, papa. Kiwanja ya ndege ni ya Leta, ni udongo ya serikali. Kesho tunakuya kupima."

Sasa shemeji ananililia mu inboks: "Futa ile picha!"

Picha nzuri hivi? Nimeiweka ku statu.