Dada alipiga magoti kumwamkia mama, risasi zikampita

Wakuu, habari za humu ndani. Hii siyo chai. Ningekuwa natunga ningejipa hata ushujaa kidogo, na humu sina.

Nipo Runzewe, natengeneza makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Dada yangu Kabula alikuja kupika chakula cha wachimbaji, akanaswa na dhehebu moja huko porini. Hospitali marufuku, shule marufuku. Kumpigia magoti binadamu, dhambi kabisa.

Kwetu Wasukuma hilo linauma. Binti haamkii wazazi amesimama.

Watoto wao wakaanza kufa kwa homa. Serikali ikawaambia wafunge kanisa lao, wakagoma. Tukasikia askari wanakuja kuwatoa, nikampigia mama. Akapanda basi kutoka nyumbani Didia.

Mimi na mama tulipofika, waumini wamejipanga mbele ya kanisa na mapanga na mawe. Askari upande wetu, kipaza sauti kinawasihi watoke. Kabula yupo mstari wa mbele, kashika jiwe.

Mimi nilijificha nyuma ya gari la askari. Chekeni tu.

Mama akawaponyoka askari, akaenda mpaka mbele yake. Hakulia wala hakubembeleza.

"Kabula, nimetoka Didia mpaka hapa. Hata kuniamkia?"

Kabula akamtazama. Jiwe likamtoka mkononi, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Kabla hajaitikiwa, askari mmoja akakatwa panga, risasi zikaanza. Mama akamlalia Kabula. Waliokuwa wamesimama pembeni yake, huku na huku, walianguka.

Yule askari alifariki, na waumini kadhaa pia. Nawaombea wote. Tafadhali tusigombane hapa.

Kulipotulia nilikimbia nikijua nawakuta maiti. Nikamsikia mama, bado kamlalia, anasema taratibu, "Marahaba, mwanangu."

Nililia kama mtoto.

Namshukuru Mungu. Namshukuru na dereva wa lile basi, hata simjui, kwa kutoharibikiwa njiani.

Nilichojifunza: ndugu akizama huko, usishindane naye maandiko. Mimi nilishindana sana, nikaambulia kufukuzwa. Mpeleke aliyemlea.

Sasa Kabula yupo Didia, analima na mama. Ila akisikia pikipiki inapiga mshindo anajitupa chini. Wenye ndugu waliorudi kutoka huko, mlikaa nao vipi mpaka wakatulia? Niandikieni hapa, nitamsomea mama kila jibu.