Maji ya Chini ya Mchanga

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mnaniita shosho na mnanicheka kwa kuandika na kalamu nyekundu, lakini nyekundu ndiyo iliyokuwa mezani. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo msitafute maneno makubwa. Nataka kuandika habari za jangwa. Mimi sijawahi kulikanyaga. Ninayojua nimeambiwa na kijana wangu mkubwa, dereva wa lori, akiwa amelala hapa kwetu, mtaa wa Tena, kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Mengine nimeyaona kwenye mwili wake.

Mjukuu wangu wa kike wa kidato cha pili alileta kitabu chenye picha ya jangwa, mchanga umepangana kama mawimbi. Baba yake, ndiye huyo kijana wangu, akaitazama, akasema alikokuwa yeye mchanga kama huo ni kidogo. Kulikuwa na mawe meusi, madogo, yamelala kwa kushikana kama sakafu iliyopangwa na fundi. Upepo huko hauachi kuvuma, hupeperusha vumbi lote jepesi mwaka baada ya mwaka, na yale mawe uliyoshindwa kuyabeba ndiyo hubaki. Mchana yanachoma hadi soli ya kiatu inalainika. Usiku yanapoa mpaka mtu anatetemeka, kwa sababu hakuna wingu juu la kuzuia joto lisiondoke. Msichana akasema mwalimu hakuwaambia hayo. Nikamwambia mwalimu wake hajalala huko.

Sasa nifike kwa kosa langu.

Mimi nimezaliwa Kitui. Kwetu mito ni ya mchanga. Mvua ikiisha, maji yanashuka chini ya mchanga na kukaa huko, na mtu mwenye akili hafi kiu karibu na mto. Kijana wangu alipokuwa na miaka saba nilimpeleka kwa mama yangu likizo ya Agosti, nikamfundisha kuchimba. Usichimbe katikati, chimba kwenye kona ya mto, penye miti iliyo kijani. Ukiona mchanga umeingia giza kwa unyevu, chimba polepole. Maji yakija, teka ya kwanza umwage, ngoja yatulie, kisha unywe. Alikuwa na pupa, nikampiga mkononi kwa kibuyu. Alishika somo. Angalau hilo siwezi kusema hakushika.

Miaka miwili iliyopita alibeba simiti kupeleka kaskazini, mbali kupita Marsabit, kwenye ujenzi wa shule. Alikuwa na mwenzake wa gari, mwanaume mzima kutoka magharibi, mpenda mzaha. Ili wasizunguke, wakakata katikati ya uwanda mweupe. Weupe ule ni chumvi. Mvua ikinyesha milimani, maji hukimbia mpaka pale, yanasimama kwa kukosa njia, jua linayanywa yote, chumvi inabaki. Juu panakauka na kuwa pagumu kama chapati iliyosahaulika jikoni. Chini ni tope. Lori likapasua ule ugumu, likazama hadi ekseli.

Mwenzake akasema walale chini ya gari, kwenye kivuli, wangoje wachungaji wa ngamia. Kijana wangu akaona mbali mstari wa miti ya kijani. Akajua ni mto wa mchanga. Mwenzake akamcheka.

“Wewe Mkamba, hata huku unatafuta mto wa kwenu? Kaa chini. Ngamia wana wenyewe, watapita.”

Akamwachia mwenzake maji yaliyobaki, akaenda.

Aliniambia shati lake halikulowa hata mara moja, na hilo ndilo lilimdanganya. Hewa ya huko ni kavu mpaka jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hivyo mtu anadhani maji yake bado anayo. Aliona mvua pia. Ilining'inia chini ya wingu kama pazia la kijivu, na haikufika chini. Joto liliimaliza hewani. Alisimama akiitazama, akapoteza nguvu hapo bure.

Akafika kwenye miti, akatafuta kona, akachimba kwa mikono na sahani aliyoitoa kwenye gari. Mchanga ukaingia giza. Akachimba polepole. Maji yakaja, akamwaga ya kwanza, akangoja yatulie, akanywa. Yalikuwa ya chumvi. Akachimba shimo lingine, yakawa yale yale, akanywa tena, kwa sababu mwili ulikuwa umeshaanza kuishinda akili. Mto wetu wa Kitui una pa kwenda, unafika baharini, unajisafisha. Ule wa kule unaishia pale pale kwenye uwanda mweupe. Hilo sikumfundisha. Sikulijua.

Kesho yake wachungaji wakampata mwenzake chini ya lori akiwa mzima, wakafuata nyayo, wakampata kijana wangu kando ya mashimo yake hajitambui. Figo zilikuwa zimekwisha.

Siku ya kwanza aliyoweza kuongea vizuri, aliniambia, “Mwaitu, mama yangu, nilichimba kwenye kona.”

Nikamjibu, “Najua.”

Sasa mashine inamsafisha damu mara mbili kwa wiki. Nilitaka kumpa figo yangu, walisema imezeeka, za ndugu zake hazikufaa. Daktari hakuzungusha maneno. Alisema mwili hauna tena mahali pa kutolea maji, kwa hivyo anywe vikombe viwili kwa siku, na hapo uhesabu chai na mchuzi. Akizidisha, maji yatapanda kwenye mapafu. Kwa hivyo kiu aliyoipata jangwani amerudi nayo, na hapa mitungi imejaa kuanzia mlangoni hadi chini ya meza.

Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Walikunywa chai, wakaongezewa, na nikaona macho yake yakifuata kikombe kwenda mdomoni na kurudi. Mfereji ukifunguliwa Jumanne huniomba nifunge dirisha asisikie watu wakiteka.

Wiki jana mkewe alimkuta anafyonza kitambaa cha kuogeshea. Tukaangalia beseni, lilikuwa limepungua nusu. Alikaa hospitalini siku nne akipumua kama mtu anayezama. Aliporudi, yule msichana wa kidato cha pili akaingia kutoka shule, akachota kikombe, akanywa amesimama pale mbele yake, koo likilia. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na kiu. Baba yake akageukia ukuta.

Nikawaita wote jikoni, mkewe, watoto, hata shangazi yao aliyekuwa amepita kusalimia. Nikasema, “Kuanzia leo hakuna mtu atakayekunywa maji ndani ya nyumba hii, hata mimi. Ukiwa na kiu toka nje, funga mlango, unywe huko, na upanguse mdomo kabla hujarudi.”