Bi Taipu na Mvuna Vivuli

Barua nyingi za mtaa ule ziliingia kwa Bi Taipu zikiwa zimekunja ngumi, na zikatoka zimenyooshwa kola. Mtu alikuja na karatasi aliyoiandika huku akitetemeka, "Bosi, wewe ni mnyama na roho yako mbaya," na baada ya robo saa akaondoka na ukurasa safi unaosema, "Mheshimiwa, nasikitika kukuarifu kwamba sikuridhishwa na uamuzi wako." Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile miaka thelathini na mmoja, kwanza mbele ya taipureta iliyompa jina, kisha mbele ya kompyuta, na vidole vyake vilizoea kupoza mambo kabla kichwa hakijaulizwa. Wateja walilijua hilo na walilipenda, maana barua zilizopita mkononi mwake zilijibiwa. Kuna mume na mke walioandikiana barua za kuachana, kila mmoja kwa siku yake, kwenye mashine hiyohiyo, na mpaka leo wanaishi pamoja na hawajui wamlaumu nani.

Chumba chake kilikuwa kimoja, chenye dirisha, meza, printa yenye kwikwi, birika la umeme na benchi la kungojea. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wa pili wa mbao hizo alikaa fundi viatu. Walikuwa majirani wa siku nyingi hata wakaitana kaka na dada, na mazungumzo yao yalipita ukutani kwa kelele bila mtu kuinuka. Kwa hiyo binti wa fundi, mwenye miaka kumi na saba, alimwita Bi Taipu shangazi tangu alipojua kuita.

Asubuhi moja binti huyo aliingia na madaftari manne kifuani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Barua ya kuomba kazi?"

"Hapana. Kitabu."

"Kitabu cha nani?"

"Changu. Nimekiandika mimi."

Kulikuwa na kampuni ya vitabu iliyotangaza kwamba inatafuta hadithi za vijana, ndefu, zilizopigwa chapa, na mwisho wa kupokea ulikuwa mwisho wa mwezi. Binti hakuwa na kompyuta wala barua pepe. Wakakubaliana kwamba shangazi apige, atume, na majibu yaje kwa anwani ya duka.

"Ila shangazi, usishtuke," binti alisema akiwa mlangoni. "Msichana wangu siyo mtu mzuri."

"Nani mzuri siku hizi?" Bi Taipu alijibu, akafungua daftari la kwanza.

Kufikia saa nne birika lilikuwa limekauka maji na mteja wa fomu amesinzia kwenye benchi. Hadithi ilikuwa ya nchi ambayo jua lake liliwekwa rehani, na msichana anayepita nyumba kwa nyumba akivuna vivuli vya watu. Vivuli hivyo alimpelekea malkia anayeishi chini ya kisima, na kwa kila kivuli, mdogo wake mgonjwa aliongezewa mwezi mmoja wa kuishi. Aliyevunwa kivuli alififia taratibu, kama kitambaa kinachofuliwa kila siku, mpaka akaisha. Msichana alilijua hilo vizuri, na bado alivuna. Alivuna kivuli cha mwuza mkaa, cha bibi harusi, cha mwalimu wake wa hesabu, na huyo wa hesabu alimvuna akicheka.

"Kaka fundi!" Bi Taipu alipiga kelele ukutani. "Huyu mwanao unamlisha nini?"

"Anakula anachokikuta!" fundi alijibu bila kuacha kugonga. "Kwani vipi?"

"Basi tu!"

Alimchukia mvunaji yule kwa moyo wake wote, na hakuweza kumwacha. Alipiga chapa haraka kuliko alivyowahi kupiga kitu chochote, si kwa ajili ya tarehe bali kwa sababu alitaka kujua anayefuata ni nani. Kwa siku tisa aliishi hivyo, akimtukana msichana kimoyomoyo na kumwombea asikamatwe.

Kisha akafika sura ya ishirini na moja. Humo msichana alirudi kwa bibi kizee aliyemlea, akamkuta jikoni, na akamvuna. Bibi kizee akaanza kufifia palepale. Na msichana hakulia. Akakaa mezani, akala chakula alichopikiwa, akaosha sahani.

Hapo Bi Taipu alishindwa. Haiwezekani, alijiambia. Mtoto aliyelelewa na kaka fundi hawezi kuandika kitu hiki akakimaanisha, lazima alichoka. Vidole vikaongeza sentensi moja ndogo: "Akapiga magoti, machozi yakamtiririka, akaomba msamaha." Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Msichana aliyelia ukurasa huu hawezi kuvuna tena ukurasa unaofuata, kwa hiyo ikabidi arudishe kivuli. Akisharudisha kimoja, na vingine je? Sura nne za mwisho zikageuka moja baada ya nyingine, mpaka malkia wa kisimani naye akajuta, mdogo mtu akapona kwa dawa za kawaida, na mvunaji akawa msichana mwema anayeamka mapema. Bi Taipu aliisoma kazi yake, akaridhika. Alidhani amemfanyia binti hisani.

"Hutaki kuipitia kwanza?" alimwuliza, na moyo wake ulitaka jibu liwe hapana.

"Nimeisoma mara kumi na moja, shangazi. Nikiiona tena nitatapika. Tuma tu."

Akatuma. Akamrudishia madaftari yake, na binti akakaa mwezi na nusu akichungulia mlangoni kila siku na swali lilelile, na kila siku akiambiwa bado. Fundi alisema mwanawe amekonda. Binti hakuwa na mpango mwingine. Shule imeisha, na gundi ya viatu ilikuwa inamwumiza kichwa. Kitabu kile kilikuwa ndio mlango alioubisha, na hakuwa na wa pili.

Jibu lilikuja siku ya Jumanne, na aliyeliona kwanza alikuwa Bi Taipu. Liliandikwa hivi: "Ndugu Mwandishi. Sura ishirini za kwanza zimenisahaulisha chakula cha mchana siku mbili. Katika sura ya ishirini na moja msichana huyu amekufa, na mahali pake ameingia mtu mwingine anayeomba radhi kila ukurasa. Kwa hali hii hatuwezi kukitoa kitabu. Kama una mwisho mwingine, tuletee ndani ya siku kumi, na utueleze kwa maneno yako mwenyewe ilikuwaje ukatuma huu."

Akasoma mara tatu. Jambo la kwanza alilofanya ni kufunga mlango.

Hakuna aliyejua. Jibu liko kwake, anwani ni yake, na mwisho wa kweli uko katika daftari la nne, hatua kumi kutoka pale. Akiupiga upya na kuutuma kimyakimya, kitabu kitapona na binti hatajua kamwe kwamba kiliwahi kuugua. Akajikaza, akaenda kwa jirani. Binti alikuwa amekaa na soli mapajani.

"Mwanangu, nakala ya ile kazi yako, kompyuta imekula sura za mwisho. Niazime daftari la nne nizirudishe, isije ikatokea la kutokea."

Binti akanyanyuka upesi, akalileta. "Hata sijui ningefanya nini bila wewe, shangazi. Asante."

"Si kitu," alisema Bi Taipu, akarudi na daftari kwapani.

Safari hii alipiga neno kwa neno. Alipofika penye sahani, akaona kitu ambacho mara ya kwanza alikiruka kwa hasira. Msichana, mikono ikiwa ndani ya maji, anajisemea: "Nikisema samahani, nitamtwika na kazi ya kunisamehe. Ana mzigo wa kutosha." Bi Taipu aliinua vidole kutoka kwenye kibodi. Kumbe msichana hakuwa amekosa moyo. Alikataa tu kujipa nafuu. Iliuma kuona kwamba mtoto wa miaka kumi na saba alilijua hilo, na yeye mwenye mvi alipita juu yake na ufagio.

Ilibaki barua ya maelezo. Hiyo haikumpa shida; barua za maelezo ndizo zilizomlisha. Akaandika: "Ndugu Mhariri, naomba radhi kwa uzembe wangu." Akasita. Uzembe wa nani? Chini ya barua lilikuwa linangoja jina la binti. Alikuwa amekaa pale, saa tano asubuhi, akimwombea radhi mtoto wa watu kwa kosa ambalo mtoto hakulitenda, na sentensi ilikuwa nzuri. Akaifuta yote. Kisha akapiga moyo konde, akagonga ukuta.

"Kaka fundi! Niitie binti!"

Alipoingia, Bi Taipu alianza na "unajua, mwanangu, nia yangu ilikuwa," kisha akajikatiza. Akasema tu: "Mwisho wako niliubadilisha." Akampa jibu la mhariri, akampa na kurasa alizozibadilisha.

Binti akasoma kwa sauti, akiwa wima. "'Akapiga magoti.' Shangazi! Huyu hapigi magoti ila akifunga kamba za viatu!" Akafunua ukurasa mwingine. "Ameomba msamaha mara saba. Mara saba! Hapa amemwomba msamaha mbuzi!"

Upande wa pili nyundo ilikuwa imenyamaza.

"Na kompyuta," binti aliuliza polepole, "ilikula kweli?"

"Hapana."

"Nilikushukuru," alisema. "Nilisimama mbele yako nikakushukuru." Akachukua daftari lake akatoka, na mlango hakuupiga, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Siku tatu zilipita. Nyundo iligonga, lakini ukuta haukuulizwa wala haukujibu. Bi Taipu alipoteza imani na vidole vyake, akawa anapiga kila kitu kama kilivyoletwa. Siku ya tatu mpangaji mmoja alirudi akihema. "Bi Taipu, umeniua! Umeandika mwenye nyumba ni fisi!"

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Ndiyo, lakini nilijua utarekebisha!"

Siku ya nne, zikiwa zimebaki siku tano, binti aliingia na daftari la nne na karatasi moja. Hakukaa.

"Hii ndiyo barua yangu. Ipige. Usiguse kitu."

Bi Taipu alivaa miwani. "Mhariri. Mwisho ule si wangu. Mpiga chapa aliubadilisha bila kuniuliza kwa sababu alimhurumia msichana wangu. Kisha akanidanganya. Kisha mwenyewe akaniambia. Ni shangazi yangu na ninampenda, na nimekasirika. Mwisho wangu ni huu. Sina maelezo mengine."

Haikuwa na salamu, haikuwa na "kwa heshima na taadhima". Alipofika kwenye "nimekasirika", vidole vilimwasha. "Nimehuzunika kidogo" ilikuwa tayari imejipanga kwenye ncha zake. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Bi Taipu akapiga "nimekasirika", herufi zote, na ilimgharimu kuliko barua yoyote ya maisha yake. Kisha wakatuma, barua na sura nne.

Wiki mbili baadaye jibu lilikuja, na safari hii hakulisoma. Aliona tu limeingia, akapiga kelele ukutani, wakaja wote wawili mbio, fundi akiwa amevaa kiatu cha mteja kwenye mkono wake wa kushoto. Binti akalifungua. Kitabu kimekubaliwa. Ukelele aliopiga uliwatoa watu madukani wakidhani kuna mwizi, na fundi, ambaye hakuwa amesema neno na jirani yake tangu siku ile, akampiga bega kwa kiatu akasema, "Haya, dada, yamekwisha. Weka chai." Mhariri alikuwa na ombi moja tu: alitaka kujua msichana yule anafanya nini baada ya ukurasa wa mwisho.

Kesho yake binti alikuja na daftari jipya, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Shangazi, katika kitabu cha pili kuna mwanamke anamdanganya msichana wangu. Mtu mzima, mwema, anampenda kabisa. Nimeshindwa kumwandika." Akafungua kalamu. "Siku ile umetoka kwetu na daftari langu kwapani. Kabla hujafika hapa mlangoni. Ulijisikiaje?"

Bi Taipu alifungua kinywa aseme aliona aibu, maana ndivyo mtu mwenye heshima zake anavyojibu, na aibu kweli ilikuja, ila ilikuja baadaye. Binti hakuuliza ya baadaye. Mteja mmoja aliyeleta fomu alikuwa anasikiliza, na fundi naye, bila shaka, alikuwa ameshusha nyundo.

"Nilifurahi," alisema. "Nilijiona mjanja sana."

Binti akainamisha kichwa akaandika.