Watu Sitini Waliosema Ndiyo

Mwalimu Anyesi Ndahani hana darasa. Ni afisa ugani, mtaalamu wa kilimo wa serikali anayezunguka na pikipiki vijiji vya upande wa Zuzu akifundisha watu kupanda mtama, uwele na alizeti. Ila huko wote wanamwita mwalimu, naye kaitikia mpaka kachoka kusahihisha. Anaishi Ipagala na mumewe Obedi, fundi wa kuchomelea mageti, na watoto wao wawili. Stashahada ya kilimo aliipata akiwa msichana mbichi. Shahada hakuwa nayo, na jamani, ilimkereketa.

Ingeachaje kumkereketa? Kila semina, vijana waliotoka chuoni juzi, ambao hata punje ya uwele hawaijui mpaka waonyeshwe, ndio waliopewa kuongoza, na yeye akatumwa kugawa makaratasi. Alipotimiza miaka thelathini akasema basi, nasoma. Lakini asome vipi? Chuo cha mchana kilitaka aache kazi miaka mitatu, na foleni ya ruhusa ya masomo pale ofisini ilikuwa ndefu kiasi kwamba kuna waliostaafu wakiwa bado wamo ndani yake. Masomo ya jioni mjini yalianza saa kumi na moja, na saa kumi na moja ndiyo wakulima wanarudi kutoka shamba, ndiyo saa yake hasa ya kazi. Ikabaki njia moja: chuo cha masafa. Unasomea nyumbani, unachukua masomo mengi au machache kadiri ya nafasi yako, kituoni unaenda kwa mitihani tu. Msimu ukikubana unapunguza, hata kusimama unasimama. Sharti lao lilikuwa moja, miaka minane isipite.

"Shahada ya kwenye simu hiyo!" akacheka Stanley, mwenzake wa ofisini, mtu asiyeweza kunyamaza hata akilipwa. "Na joho watakutumia kwa WhatsApp?"

Obedi hakucheka. Alisema, "Wewe soma, mama Erica. Mimi nitasonga ugali. Ukitoka na madonge tutakula na madonge yake." Na kweli waliyala madonge mwaka mzima wa kwanza, na hadi leo Anyesi akiulizwa nani wa kwanza kumshukuru, hasiti.

Basi akasoma. Alisikiliza mihadhara kwenye simu akisubiri wakulima wafike mkutanoni, akaandika majaribio juu ya tangi la pikipiki. Mwaka aliougua mama yake alisimama kabisa, kisha akarudi, na hakuna aliyemnyang'anya nafasi yake. Mwaka wa nane ukamkuta amebakiwa na kitu kimoja, utafiti. Autoe Mei, ama yote yaliyopita yamekwenda na maji.

Alichagua kuchunguza jambo analolijua: je, wakulima wa mtama wanafuata kupanda kwa mstari, kwa ile kamba yenye alama aliyowafundisha miaka tisa? Mwezi Agosti akachukua madodoso yake, akapita nyumba sitini. Kila alikofika alikaribishwa kwa salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", na kigoda, akauliza, akajibiwa bila kigugumizi. Unatumia kamba? Ndiyo. Mstari hadi mstari? Sentimita sabini na tano. Shimo hadi shimo? Thelathini. Akarudi Ipagala akiimba. Watu sitini, ndiyo sitini! Nani mwalimu kama yeye?

Msimamizi wake wa utafiti, Dakta Evarista, aliyasoma yote kisha akampigia simu. "Anyesi, katika watu sitini hakuna hata mmoja aliyesahau? Hata mmoja asiyekuwa na kamba? Hizi takwimu siwezi kuzipitisha. Ama hukwenda, ama ulikwenda ukadanganywa."

Looo! Anyesi alikaa chini. Ni mwezi wa kumi, mashamba ni vumbi tupu, hakuna mstari wa kwenda kuuhakikisha popote. Stanley aliposikia akamsogelea na dawa yake. "Unahangaika nini? Chukua kalamu, geuza ndiyo ishirini ziwe hapana. Zikishachanganyika nani atajua? Mwezi ujao umemaliza."

Usimlaumu haraka. Miaka minane si mchezo. Jumapili baada ya ibada alikaa mezani, akafungua dodoso la juu kabisa, la Hilaria, mama anayekaa karibu na reli. Akafuta ndiyo, akaandika hapana. Moja tu. Halafu akilini akamwona Hilaria alivyomfutia kigoda kwa kanga yake siku ile, akaona aibu kama aliyemwibia mtu kuku wake. Kalamu akaitupa. Kesho yake asubuhi akawasha pikipiki kwenda kumwomba radhi.

Alimkuta anapeta uwele. "Dada Hilaria," akaanza, macho chini, "nimekukosea. Karatasi yako nimeigeuza. Nimeandika kwamba kamba hutumii."

Hilaria akasimamisha ungo. "Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Kwamba situmii. Ni jirani yangu Witness, eh? Huyo mwanamke hana kifua!"

Ndipo yote yakamwagika. Kumbe Julai, Mzee Yoramu, mwenyekiti wa kitongoji, alisikia kwamba mwalimu anakuja kuuliza maswali kwa ajili ya mtihani wa shahada. Akawaita watu wote. Akawaambia, binti yetu ana mtihani, na mtihani wenyewe ndio sisi, atakayejibu vibaya amemwangusha. Msiba tunachangia, harusi tunachangia, na hili tuchangie. Wiki mbili watu wakafundishana sentimita. Aliyesahau thelathini akanong'onezwa na jirani. Hilaria mwenyewe alijizoesha akichota maji, sabini na tano, thelathini, sabini na tano, thelathini.

Anyesi hakujua acheke au alie. Alifanya vyote viwili, pale pale, mpaka Hilaria akamletea maji.

"Sasa kamba huitumii kwa nini?"

"Mwalimu, kamba inataka watu watatu. Wawili washike ncha, mmoja apande. Mimi baba watoto yuko na ng'ombe, niko peke yangu. Na mvua yetu hii unaijua, ikinyesha leo upande leo. Nikianza kutafuta watu wa kushika kamba, udongo umekauka. Napanda kwa hatua zangu."

"Miaka yote hii hukuniambia!"

"Ulikuwa unakuja na jua lote hilo kwa ajili yetu. Ningekwambiaje?"

Walikwenda pamoja kwa Mzee Yoramu. Anyesi akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamweleza polepole kwamba mtihani huu haupimwi kwa ndiyo. Mzee alisikiliza, uso umemkunjamana.

"Yaani tukisema ukweli, unafaulu?"

"Ndiyo, baba."

"Hata ukweli wenyewe ukiwa mbaya?"

"Hata ukiwa mbaya."

"Sasa mbona hukusema mapema, mwanangu? Umetuchosha na masentimita bure!"

Hapo ndipo Anyesi alipoibariki ile njia aliyochekewa. Mwanafunzi wa mchana angekuwa na wiki zake sita za utafiti, zikiisha kafunga begi. Yeye aliandika barua, akapewa ruhusa ya kusogeza utafiti hadi muhula wa mwisho, akaisubiri mvua papo hapo kazini kwake. Dakta Evarista akakubali, ila akamkumbusha kwamba baada ya Mei hakuna mlango mwingine. Mvua ilichelewa, nayo roho ya Anyesi ikawa juu juu Desemba yote, akitazama mawingu kuliko alivyotazama vitabu. Ikanyesha. Januari akapita shamba kwa shamba, mtama umechomoza, mistari yenyewe ikajisemea.

Kati ya sitini, waliotumia kamba walikuwa kumi na tisa. Arobaini na mmoja hawakuitumia, na wengi wao walikuwa akina mama wanaopanda peke yao. Iliuma. Tuseme ukweli, iliuma sana, maana miaka tisa alikuwa anarudi nyumbani akiamini amefundisha. Aliyaandika hivyo hivyo yalivyo, na sababu zao, na kosa lake mwenyewe la kufundisha kamba ya watu watatu kwa mwanamke aliye mmoja. Akautoa utafiti Mei, siku nne kabla ya mwisho. Akafaulu. Novemba akavaa joho la kitambaa, halikuja kwa WhatsApp, na Obedi akapiga vigelegele kushinda wanawake wote ukumbini bila aibu yoyote.

Wiki ya kwanza ya Desemba, mvua ya kwanza imeshapita usiku, alikwenda kule na kile kitabu cha utafiti. Watu wakakusanyika kwa Mzee Yoramu. Akawafungulia ukurasa wa shukrani, akawasomea. Baada ya Mungu na Obedi na Dakta Evarista, yalifuata majina arobaini na moja, yote kwa ridhaa ya wenyewe: waliokubali kumwambia hapana. Kila jina likisomwa, mwenyewe anapigiwa makofi. Hilaria aliposikia lake alijifunika uso kwa kanga.

"Sasa ngoja," akasema Mzee Yoramu. "Mimi kamba natumia kweli. Jina langu liko wapi?"

"Halimo, baba."

"Yaani miaka tisa nakusikiliza, halafu wanaoshukuriwa ni wakaidi?" Watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini, na mzee mwenyewe akashindwa kujizuia.

Kicheko kilipotulia, Hilaria akafunua uso. Hakuwa anacheka tena. "Mwalimu, sasa umeshapata shahada. Udongo umelowa. Sisi tulio peke yetu tupande vipi?"

Wote wakamtazama. Anyesi alifunga kitabu, akamkabidhi Mzee Yoramu amshikie.

"Sijui," akasema. "Chukua jembe, dada, twende shambani kwako. Unionyeshe unavyopanda wewe."